Kidole cha Chini ya Meza

Mume wangu ni dobi na mimi ni dobi, ila jina la udobi amelichukua yeye. Mimi nafua, yeye anapiga pasi. Nguo ikitoka kwangu ni safi lakini imekunjamana, na nguo iliyokunjamana haisifiwi na mtu. Ikitoka kwake imenyooka, basi utasikia, "Aisee, huyu mtu ni fundi!" Ndiyo maana mtaani wanamwita Mstari, kwa sababu mstari anaoutia kwenye suruali unakaa wiki nzima hata mwenye suruali akilala nayo. Mimi sina jina la utani. Naitwa mke wa Mstari, na mgongo huanza kuniuma saa mbili asubuhi.

Silalamiki. Nimeshachoka hata kulalamika. Naeleza tu jinsi kazi yetu ilivyopangwa, maana balaa letu lilijificha humo humo. Uani kuna mabeseni manne na kamba tatu za kuanikia, huko ndiko kwangu. Chumba cha mbele kuna meza yake, ya mbao nene, imetandikwa blanketi, na juu ya blanketi kuna shuka kuukuu linaloning'inia mpaka sakafuni. Shuka hilo nililiweka mimi mwenyewe, ili lifiche gunia la mkaa na matambara yaliyorundikana chini. Mteja akisimama mlangoni anamwona Mstari kuanzia kiunoni kwenda juu. Miaka kumi na tisa tumefanya kazi hapo, na hakuna mteja aliyewahi kuona miguu ya mume wangu.

Pasi ya umeme tunayo, lakini umeme wenyewe ni wa kubahatisha, kwa hiyo anayoitegemea hasa ni pasi ya mkaa aliyoachiwa na baba yake. Ile ni chuma kitupu. Mimi nikiinyanyua kwa mkono mmoja bega linaomba msamaha. Yeye huipitisha kwenye nguo kutwa nzima, amevaa ndala, na akitaka kupumzika anaiweka juu ya tofali pembeni ya meza.

Jumatatu moja nilikuwa uani nasuuza mashuka, nikasikia kishindo mbele. Nikakimbia na povu mikononi. Nikamkuta Mstari amechuchumaa, anaokota makaa kwa koleo, na sakafu inafuka moshi.

"Kuna nini?"

"Pasi imeteleza kwenye tofali."

"Imekuangukia?"

"Imeanguka chini. Rudi kazini, mama, mashuka ya watu yatakauka na povu."

Nikarudi. Jioni alipoketi kuvua ndala, ya kulia ilikuwa imeganda damu. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimevimba, ukucha umekuwa mweusi tii, na pembeni yake ngozi imepasuka. Tukakitazama sote wawili, tumeduwaa.

"Hukusikia maumivu?" nikamuuliza.

"Kweli tena, sikusikia kitu."

"Pasi yote ile?"

"Pasi yote ile. Na mpaka sasa hakiumi. Bonyeza uone."

Nikabonyeza. Akacheka. "Miaka yote hii nimesimama kwenye saruji," akasema, "mguu umekomaa. Sasa hivi hata ukipigwa nyundo, nyundo ndiyo itakayolia."

Na mimi nikafurahi. Hilo nalisema wazi, kwa sababu mpaka leo linanikera. Nilikuwa nimechoka hoi, nina mashuka ya nyumba ya wageni yanayosubiri kuanikwa, na kama kidole kingekuwa kinauma ingenibidi niache kazi nimhangaikie. Kidole kisichouma nilikipokea kama zawadi. Nikakiosha, nikakifunga kitambaa, nikaenda kuanika.

Kuna jambo la pili ambalo halikunipitia kichwani hata kidogo. Mstari ana sukari. Alipimwa miaka sita iliyopita, akapewa vidonge na kadi ya kliniki. Akaenda kliniki, akaenda, kisha akaacha, akabaki na vidonge anavyomeza siku akikumbuka. Na akanipiga marufuku kumwambia mtu. "Mteja akisikia dobi mgonjwa, anahamisha nguo," ndivyo anavyosema. "Watadhani nawapigia pasi maradhi kwenye kola." Basi nikafunga mdomo. Kwangu mimi sukari ilikuwa habari ya chai na vidonge, na kidole kilikuwa habari ya pasi. Sikuwahi kuviweka pamoja.

Ijumaa akaja nesi. Ni mteja wetu wa siku nyingi, mwanamke mrefu, mwepesi wa kucheka, kila Ijumaa anachukua sare zake tano na kuacha tano chafu. Mstari alikuwa ametoka kununua mkaa, kwa hiyo nikampokea mimi. Nikaona nisiache nafasi ipite bure.

"Sista, mzee wangu kaumia kidole. Pasi hiyo."

"Ah, poleni. Madobi na pasi, yaani kila mara! Kimeungua?"

"Hakikuungua sana. Ngozi imepasuka kidogo, ukucha umekuwa mweusi."

"Kinamuuma?"

"Wala."

"Anashika pasi?"

"Anashika vizuri tu. Hajalaza kazi hata siku moja."

"Basi si kibaya," akasema, akihesabu sare zake. "Osheni kwa maji safi na sabuni, fungeni kitambaa kikavu, asikitumbukize kwenye maji ya kufulia. Ukucha utaanguka wenyewe. Mkiona usaha mniambie."

Nikamshukuru sana. Akaondoka na sare zake, mimi nikabaki na moyo mweupe. Mstari aliporudi na gunia begani nikamwambia nesi amesema si kibaya, akanijibu, "Si nilikwambia?" Akaingia nyuma ya meza yake, na shuka likamfunika miguu.

Siku mbili zilizofuata nilimfunga kitambaa mwenyewe. Ya tatu akaninyang'anya. "Wewe una kazi nyingi, nitajifunga." Akaanza kuvaa soksi nzito ndani ya ndala, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku za baridi. Nilimuuliza kila jioni, akanijibu kila jioni neno lile lile: hakiumi. Jumatano alitetemeka akiwa amesimama mbele ya pasi ya moto, jasho linamtoka. Akanywa maji jagi zima. Nikamwambia apumzike, akasema anajikaza kisabuni. Alipenda utani huo kwa sababu ya kazi yetu. Mimi sikucheka, nilikuwa na beseni la nne mbele yangu.

Siku hiyo hiyo ya Jumatano nyumba ikaanza kunuka.

Jamani, mfuaji akisikia harufu mbaya nyumbani kwake anakimbilia wapi? Anakimbilia kwenye nguo. Mimi nikajua kuna kitu kimelala na maji. Nikapekua matenga yote. Nikafua upya taulo zilizokuwa safi. Nikachemsha mashuka, nikasugua mabeseni kwa mchanga, nikamwaga dawa kwenye mfereji wa maji machafu, mikono ikanichubuka. Alhamisi harufu ikawa palepale, na kali zaidi ukiingia chumba cha mbele. Nikamgombeza Mstari kwamba ameacha tambara bichi chini ya meza. Akasema ataliangalia. Hakuniangalia usoni aliposema hivyo.

Ijumaa ya pili nesi akasimama mlangoni, akakunja pua.

"Hee, wapendwa, kuna nguo imeoza humu ndani."

Nilitaka ardhi ipasuke. Dobi kuambiwa ananuka! Nikaanza kueleza habari za mfereji, lakini yeye akawa amegeuka kwa Mstari, aliyekuwa nyuma ya meza anampigia pasi mkono wa sare.

"Na kile kidole, kimepona? Hebu nionyeshe."

Mstari akasimamisha pasi. Nesi alikuwa ananyoosha shingo kutazama mikono yake, wa kulia, kisha wa kushoto. Vidole kumi, vyote vizima.

"Kidole kipi?" akauliza.

"Kiko huku chini," akasema Mstari.

"Chini wapi?"

Nesi akanitazama. Nikamwona anavyokumbuka maneno yangu moja moja: kidole, pasi, anashika. Uso ukamgeuka. Akaweka mkoba wake chini, akazunguka meza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mteja kuzunguka meza ile. Akalikunja shuka langu, akalitupa juu ya nguo zilizokwisha kunyooshwa.

"Vua soksi."

"Sista, hakuna haja—"

"Vua soksi, kaka!"

Akavua. Sitaki kukieleza kidole kile zaidi ya inavyotosha. Ukucha haukuwepo. Ncha ilikuwa nyeusi, mahali palipopasuka panatoa majimaji, na wekundu ulikuwa umetoka kidoleni, umepanda juu ya mguu na kukaribia kifundo. Na ile harufu niliyoitafuta siku tatu kwenye taulo za watu ndiyo hiyo hapo. Nikaketi juu ya gunia la mkaa.

"Dada, ulisema kidole," nesi akaniambia.

"Ndiyo, kidole."

"Cha mguu! Hukusema cha mguu!"

"Hukuniuliza!"

"Niliuliza kama anashika pasi!"

"Nilidhani unauliza kama anafanya kazi!"

Tukawa tunapigiana kelele juu ya mguu wa mume wangu, na mwenyewe amesimama katikati kama nguo ya mtu asiyejulikana. Kisha nesi akasema kwa sauti ndogo, "Una sukari?"

Mstari akatazama ukuta.

"Anayo," nikasema mimi. "Miaka sita."

"Wewe mwanamke!" Mstari akanifokea.

"Niache! Miaka sita nimekutunzia siri, tazama ilivyokula."

Nesi akamkalisha kwenye kiti, akamwinulia miguu yote miwili juu ya gunia, akamwambia, "Funga macho. Nitakugusa kwa kidole changu, polepole. Kila nikikugusa, sema 'hapo.' Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Mimi nilikuwa nimefumbua macho. Nilimwona akigusa kidole kidogo cha mguu wa kulia. Akasubiri. Akagusa cha katikati. Akasubiri. Akahamia mguu wa kushoto, ule mzima, akagusa kidole gumba, kisha cha katikati. Mume wangu ameketi, macho amefumba, ametulia, na tabasamu la mtu anayengoja zamu yake.

"Sista," akasema, "anza basi, nina kazi."

Nesi akasimamisha kidole chake hewani. Akanitazama, na mimi nikajikuta nimeziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akagusa kidole cha mwisho cha kushoto.

"Hapo," akasema Mstari. "Haya, umeanza."

Alipofumbua macho na kuniona ninavyolia, akatazama miguu yake. Nadhani ndipo alipojua kwamba haikuwa imekomaa.

Nesi akasema twende hospitali, na twende sasa. Mstari, kwa kichwa chake kigumu, akasema zimebaki suruali nane, amalize kwanza. Suruali nane! Sijui nguvu niliitoa wapi. Nikaichukua ile pasi ya baba mkwe kwa mikono miwili, nikaipeleka uani, nikaifungua kifuniko na kuimwagia beseni zima la maji ya kusuuzia. Mvuke ukanipanda usoni. Niliporudi nikamwambia, "Haya, piga pasi." Akachukua shati lake.

Njiani nesi alizungumza na mimi zaidi kuliko na Mstari. Aliniambia mwenye sukari akiumia mguu, hata mchubuko tu, anakuja kuonekana siku ile ile, hangoji usaha wala hangoji maumivu, kwa sababu maumivu yenyewe huenda yasije kamwe. "Mlivyoniambia hakiumi mlinipa habari mbaya kuliko zote," akasema, "na mimi nikaichukua kama habari njema kwa sababu nilikuwa natazama mikono kichwani mwangu."

"Na asiye na sukari?" nikamuuliza. Nilikuwa nawaza miguu yangu mwenyewe, inayoshinda kwenye maji.

"Asiye na sukari akijigonga, kikavimba kidogo, kikamuuma, akiweza kukanyaga anaweza kukipumzisha siku mbili tatu na kukitazama. Lakini kikipinda, kikifa ganzi, kikiwa baridi au bluu, damu ikikataa kukatika, kidonda kikiachama, wekundu ukianza kupanda au homa ikija, hakuna cha kutazama tena." Akapumua. "Watu wanakidharau kidole cha mguu kwa sababu kiko mbali na macho."

Hospitali walimpima sukari, wakatikisa kichwa. Wakampiga picha. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, akatuonyesha mfupa: ulikuwa umevunjika tangu siku ile ya pasi, na uchafu umeshaingia ndani yake. Siku kumi na moja mume wangu alisimama kwenye mfupa uliovunjika akinyoosha mashati ya watu.

"Kidole hiki hakiwezi kubaki," akasema daktari. "Tukikitoa leo, na sukari ikishuka, tuna matumaini ya kuuokoa mguu."

Mimi neno mguu likanishtua. Kwetu mguu ni mguu, kuanzia nyonga mpaka ukucha. "Mguu upi, daktari? Wa kukanyagia, au wote?"

Hakuniambia kwa mdomo. Aliweka kiganja chake chini kidogo ya goti la Mstari, kama fundi anayepima suruali ya kukatwa. Mstari akakiangalia kile kiganja kwa muda mrefu.

"Nikatie kidole," akasema.

Wakakata. Alilala wodini wiki tatu. Siku mbili za kwanza wekundu haukurudi nyuma, na kila daktari alipofunua shuka mimi nilitazama goti. Siku ya tatu ukaanza kushuka. Nilikuwa nikifua asubuhi, nakwenda kumwona mchana, narudi kufua, na nguo za watu nikazinyoosha mimi kwa pasi ya umeme, umeme ukiwepo. Mistari yangu ilipinda. Wateja wawili walihamisha nguo, kama alivyotabiri. Waliobaki walisema pole. Nesi alikuja kila zamu yake ilipoisha, na siku moja akaniambia hajalala vizuri tangu Ijumaa ile. Nikamwambia hata mimi. Tukakaa kwenye benchi la wodi, wanawake wawili waliosema neno moja na kumaanisha viungo viwili.

Sasa amerudi kwenye meza yake. Anapiga pasi akiwa ameketi kwenye kiti kirefu, amevaa viatu vya kufunika vilivyotolewa hospitalini, na shuka lile nimelitoa. Gunia la mkaa na matambara yanaonekana, na miguu yake inaonekana. Kuna wateja wanaotazama. Watazame tu.

Kila asubuhi kabla sijagusa beseni namkagua. Nesi alinifundisha. Natazama nyayo, natazama katikati ya vidole, natazama ndani ya viatu kama kuna kijiwe. Kisha anafumba macho, nami namgusa. Mguu wa kulia haujibu kabisa. Wa kushoto hujibu kwenye kidole cha mwisho, na siku nyingine kwenye kile cha pili yake. Siku nyingine hapana. Daktari ametuambia ganzi hairudi nyuma kirahisi, kazi yetu ni kuizuia isipande. Sisemi kwamba nimezoea. Naamka nimechoka, na jambo la kwanza ninalolifanya ni kuuliza miguu ya mtu swali ambalo najua haitalijibu.

Juzi nilikuwa na usingizi. Nikamwambia afumbe macho, akafumba. Nikaketi mbele yake na miguu yake mapajani mwangu, na kabla sijaanza nikasinzia kidogo, mikono yangu iko kwenye khanga, mbali na miguu yake.

"Hapo," akasema Mstari.

Nikafumbua macho. Amefumba yake, ametabasamu, anataka kunipa kitu cha kuanzia siku.

"Hapo," akasema tena. "Na hapo. Leo nasikia vizuri, mama."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na nilikuwa nimechoka mno kufanya lolote kati ya hayo mawili.

"Bado sijakugusa," nikamwambia.

Tabasamu likamtoka taratibu. Hakufumbua macho.

"Samahani," akasema.

"Tulia," nikasema, nikafuta mikono yangu na kushika mguu wa kushoto. "Tunaanza upya."